Kaole Ni Mjini au Kijijini? Maswali Yanayoulizwa Kuhusu Fedha za Maendeleo ya Vijijini

Kuanzia Mapinga hadi Makurunge, wako watu wengi ambao hawana hakika kama Serikali inawahesabu kuwa wakazi wa mjini au wa kijijini. Si kosa lao. Nyumba ni ya tofali za saruji na bati, nyuma yake kuna mihogo na minazi. Kijana anaendesha bodaboda mchana, usiku anakwenda baharini. Kiwanja cha kushoto kina bikoni, cha kulia kilipimwa kwa hatua za miguu na kuandikiana karatasi mbele ya mashahidi. Na hapo hapo, jina moja tu, la mjini au la kijijini, ndilo linaloamua utaingiziwa umeme kwa kiasi gani, maji yako yako chini ya nani, na nani mwenye kauli ya mwisho juu ya shamba aliloacha babu.

Makala haya yanajibu maswali ya kawaida kuhusu jambo hilo, na mfano wake ni Kaole, kwa sababu hapo mpaka kati ya mji na shamba hauonekani kwa macho.

Kaole yenyewe ni mji au kijiji?

Imewahi kuwa vyote viwili. Iko kilomita kama tano kusini mwa mji wa Bagamoyo, na magofu yake yanashuhudia kwamba palikuwa na mji wa Waswahili wenye misikiti ya mawe, makaburi yenye nguzo na biashara ya baharini. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Biashara ilipohamia Bagamoyo, Kaole ikabaki na wavuvi na wakulima wake. Bagamoyo nayo ikapanda hadi kuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, kisha mwaka 1891 makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam, nayo ikapoa.

Sasa Dar es Salaam inapanuka kuelekea kaskazini na mji unawafuata watu wa Kaole tena. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu 1,098,668. Ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 2,024,947. Idadi inapokaribia kuongezeka maradufu katika miaka kumi, hakuna ramani ya utawala inayoweza kwenda nayo sambamba. Ndiyo maana watu wawili wanaotenganishwa na ua wa makuti wanaweza kupewa majibu tofauti wakiuliza huduma ile ile.

Kwa upande wa Serikali, jibu hutegemea daftari lililofunguliwa siku hiyo. Na madaftari ni zaidi ya moja.

Nani basi anaamua?

Daftari la kwanza ni la TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Tanzania Bara ina sheria mbili kuu za serikali za mitaa, zote za mwaka 1982. Sura ya 287 inahusu mamlaka za wilaya, na Sura ya 288 inahusu mamlaka za miji. Chini ya mamlaka za wilaya utakuta kata, vijiji na vitongoji. Chini ya halmashauri ya mji, manispaa au jiji kwa kawaida utakuta kata na mitaa. Katikati kuna kiumbe cha tatu kinachowachanganya wengi, yaani mamlaka ya mji mdogo. Mji mdogo uko ndani ya halmashauri ya wilaya, lakini hauna serikali ya kijiji. Umegawanywa katika vitongoji ambavyo wenyeviti wake huingia katika baraza la mji huo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, akaitwa mkazi wa kitongoji, na bado asiwe mwanakijiji kisheria. Neno "kitongoji" peke yake halitoshi kukuambia uko upande gani. Inabidi uulize: kitongoji hiki ni cha kijiji kipi, au ni cha mji mdogo?

Kijiji hakiwi kijiji kwa sura yake. Kinakuwa kijiji kwa kusajiliwa. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, iliyotungwa wakati watu wakihamishiwa katika makazi ya pamoja, iliweka kiwango cha kaya 250, na vijiji vingi vya leo vina asili yake katika miaka hiyo. Mipaka iliyochorwa kwa ajili ya kaya 250 ndiyo ambayo leo inabeba maelfu ya watu, nyumba za wageni na viwanja vya watumishi wa Dar es Salaam.

Daftari la pili ni la Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hawa hawatafuti kujua nani alisajiliwa wapi. Wanataka kujua watu wanaishije. Kwa muda mrefu sensa zetu zimezigawa kata katika makundi matatu: za vijijini, za mijini na za mchanganyiko. Hilo la mchanganyiko, kwa maoni yangu, ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyowahi kuandikwa na ofisi ya Serikali kuhusu pwani ya Bagamoyo. Tatizo ni kwamba mifuko mingi ya maendeleo haina kundi la mchanganyiko. Ina vijiji, na ina visivyo vijiji.

Daftari la tatu ni la kila anayeleta huduma: umeme, maji, barabara. Kila mmoja ana sheria yake na eneo lake.

Kwa nini fulani aliingiziwa umeme kwa 27,000 na mimi naambiwa 320,960?

Hili ndilo swali linaloumiza zaidi, kwa hiyo tulifafanue kwa kirefu.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Kazi yake ni kupeleka nishati mahali ambapo biashara peke yake isingeipeleka, kwa sababu nyumba ziko mbalimbali, nguzo ni nyingi na wateja ni wachache. Fedha zake zinatoka serikalini, kwa wahisani, katika tozo ya mafuta, na mfukoni mwako. Angalia risiti ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla: kuna mstari wa REA wa asilimia 3. Kila anayenunua umeme, awe Kariakoo au Kaole, anachangia nguzo za kijijini.

Mwaka 2013 Serikali ilishusha gharama ya kuunganishwa kwa nyumba isiyohitaji nguzo kutoka shilingi 455,108. Mjini ikawa 320,960 na kijijini 177,000. Kwa walioko ndani ya miradi ya REA malipo yalikuwa 27,000 tu, ambayo kimsingi ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, gharama nyingine zikibebwa na mradi. Baadaye ikaelekezwa kwamba vijijini kote iwe 27,000, na kwa kipindi fulani bei hiyo ikafika hadi mijini. Januari 2022 bei ya mjini ikarudishwa: 320,960 bila nguzo, 515,618 kwa nguzo moja, 696,670 kwa nguzo mbili. Kijijini ikabaki 27,000.

Fikiria maana yake. Tofauti ya mtu wa kijijini na wa mjini asiyehitaji nguzo ni karibu shilingi laki tatu. Akihitaji nguzo mbili inazidi laki sita na nusu. Kwa mama anayekaanga samaki na kuwauza kwa mafungu, hiyo ni tofauti ya kuwa na taa na kutokuwa nayo. Na kinachomweka upande huu au ule si kipato chake wala hali ya nyumba yake, bali ni jina la eneo lake kwenye orodha.

Bunge lilipokea malalamiko mengi juu ya hili, kutoka kwa wabunge wa majimbo ambayo kwenye karatasi ni ya miji lakini wapiga kura wao wanalima. Ndipo likashika usemi wa "vijiji-miji", yaani mitaa na vitongoji vilivyomo ndani ya mamlaka za miji lakini maisha yake ni ya kijijini. REA nayo ikawa na miradi ya pembezoni mwa miji kwa ajili ya maeneo ya aina hiyo. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, ingawa ilithibitisha kwamba mpaka wa awali haukuwafaa watu.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kwa miaka mingi REA ilipima mafanikio kwa kijiji, na hesabu yake ilikuwa vijiji 12,318 vya Tanzania Bara. Kijiji kilihesabiwa kuwa na umeme hata kama laini imefika kwenye zahanati na nyumba za jirani yake tu. Sasa kazi imehamia vitongojini, na ndiyo maana jina la kitongoji chako kuwemo katika orodha ya mradi lina uzito kuliko zamani. Ukifika ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, usiulize tu "umeme ni bei gani?" Uliza: "Kitongoji chetu kimeandikwa kuwa cha kijijini au cha mjini, na kimo katika mradi upi?"

Idadi ya watu si ndiyo inayopaswa kuamua?

Nchi nyingi zimejaribu njia hiyo. Marekani, wizara yao ya kilimo hutoa fedha za maendeleo vijijini kwa kuangalia idadi ya wakazi, lakini hata wao hawana namba moja. Katika mpango wa maji na majitaka, kikomo ni watu 10,000. Katika majengo ya huduma za jamii ni 20,000. Katika dhamana za mikopo ya biashara ni 50,000. Mji mmoja wenye watu 15,000 unaweza kuwa kijiji ukiomba zahanati na usiwe kijiji ukiomba bomba. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha kipimo kinachoangalia msongamano pia: watu wasiopungua 300 kwa kilomita ya mraba na jumla isiyopungua 5,000 ndipo eneo lianze kuhesabiwa kuwa na sura ya mji.

Kenya walipita njia nyingine inayostahili kuangaliwa. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 204, ilianzisha Mfuko wa Usawazishaji unaochukua nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Mara ya kwanza tume yao ya ugawaji wa mapato ilichagua kaunti nzima nzima, 14 kwa jumla, Lamu na Tana River zikiwemo. Ikaonekana kwamba ndani ya kaunti yenye nafuu wapo watu walio hoi, na ndani ya kaunti iliyochaguliwa wapo wasiohitaji. Sera ya pili ikashuka hadi ngazi ya chini na kutaja maeneo 1,424 katika kaunti 34. Mtu wa Bagamoyo atalielewa hilo mara moja: wilaya moja ina hoteli za ufukweni na ina vitongoji vinavyochota maji kisimani.

Hapa kwetu pia ipo mifano ya mgao usiouliza kabisa habari ya mji au kijiji. Ruzuku ya maendeleo kwa serikali za mitaa iliyoanza mwaka wa fedha 2004/05 iligawanywa kwa kanuni: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa kiwango cha umaskini, 10 kwa ukubwa wa eneo, na halmashauri ilipaswa kwanza kutimiza masharti ya usimamizi bora wa fedha. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliotungiwa sheria mwaka 2009, nao unaangalia watu, umaskini na ukubwa wa jimbo. Mimi naona kanuni za namna hii ni za haki zaidi, kwa sababu mwananchi anaweza kuzihakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

TASAF walichaguaje vijiji?

Swali hili lina jibu zuri, na sehemu ya jibu ilianzia hapa hapa Bagamoyo.

Kabla ya mpango wa kunusuru kaya maskini kuenea nchi nzima, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilifanya majaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliwekwa katika orodha, na kwa njia ya bahati nasibu 40 vikaanza kupata malipo mwanzoni mwa mwaka 2010, vingine 40 vikasubiri ili watafiti waweze kulinganisha. Familia zilipewa fedha kidogo kila baada ya miezi miwili kwa ajili ya watoto wadogo na wazee wa miaka 60 na kuendelea, kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki. Miaka michache baadaye matokeo yalionekana katika mambo madogo ya maisha: kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, zilifuga zaidi, na watoto wao walikuwa na viatu zaidi ya wenzao.

Bahati nasibu inaweza kuonekana kama kukwepa wajibu. Lakini pale ambapo fedha hazitoshi na wahitaji wanafanana, kura ya wazi ni bora kuliko orodha inayotengenezwa chumbani. Aliyekosa anajua kwa nini amekosa.

Mpango ulipopanuka, utaratibu ukawa mwingine. Taifa lilitumia ramani ya umaskini kugawa nafasi kwa halmashauri, halmashauri zikachagua maeneo, kisha mkutano wa jamii ukataja kaya maskini, kaya hizo zikajaziwa dodoso, na majina yakarudishwa mkutanoni kuhakikiwa. Awamu ya kwanza ilifika vijiji, mitaa na shehia 9,960. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ililenga maeneo yote ya Bara na Zanzibar. Kwa hiyo leo hakuna sababu ya kuambiwa kwamba TASAF ni ya vijijini tu: maskini wa mtaani naye ana haki ya kutajwa. Kinachotakiwa ni awepo mkutanoni, au awepo wa kumsemea.

Maji yetu ni ya RUWASA au DAWASA?

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA kwa ajili ya vijijini, na katika vijiji husika skimu huendeshwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. DAWASA ni mamlaka ya Dar es Salaam, lakini eneo lake la huduma limevuka na kuingia Pwani, Bagamoyo ikiwemo. Kumbuka pia kwamba mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, uko katika Wilaya ya Bagamoyo, na maji yake yanapita kandokando ya watu hawa kuelekea jijini.

Ukiwa ndani ya eneo la DAWASA, ombi lako la maji linapelekwa DAWASA hata kama unaishi katikati ya minazi. Kulipeleka RUWASA ni kupoteza miezi.

Na barabara?

Hapa hakuna ugomvi mkubwa. TARURA, ulioanza mwaka 2017, unahudumia barabara za vijijini na mijini kwa pamoja. Mfuko wa Barabara hutoa asilimia 30 kwa TARURA na 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo za chini. Kinachoamua barabara yako ni kama imeingizwa kwenye mtandao unaotambuliwa na TARURA. Njia isiyomo haipati hata greda.

Mikopo ya asilimia 10 ni ya vijijini?

Ni ya halmashauri zote. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Lakini angalia neno "mapato ya ndani". Halmashauri yenye viwanda na maduka mengi ina mfuko mnene; yenye korosho na samaki tu ina mwembamba. Chalinze ilipotenganishwa na Bagamoyo kuwa halmashauri yake mwaka 2015, vyanzo vya mapato navyo viligawanywa. Anayedai halmashauri mpya au mji mpya ajiulize kwanza vyanzo vitabaki upande gani.

Tukikubali kuwa mji, tunapata nini na tunapoteza nini?

Mnapata ramani ya mipango miji, upimaji wa viwanja, uwezekano wa hati inayokubalika benki, na sauti kubwa zaidi katika kuomba soko, stendi na taa za barabarani. Hayo ni mambo ya kweli, na wako wanaoyahitaji.

Mnachopoteza husemwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo mimi nitakisema kwa sauti ya juu. Mnapoteza mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano mkuu si kikao cha kusikiliza matangazo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu, ambao kila mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, ndio wenye idhini juu ya mgawo wa ardhi. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, mkutano mkuu una haki ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea maoni ya wanakijiji. Kijiji kinaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa mkulima. Eneo likishatoka katika orodha ya vijiji, madaraka hayo yanahamia halmashauri na ofisi za ardhi. Mwenye hati ya mjini hudaiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kodi ya majengo, ambayo asili yake ni sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1983, hukatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida iliyo katika eneo linalotozwa.

Watu wa ukanda huu wanajua kwamba ardhi si mazungumzo ya vitabuni. Makubaliano ya bandari na eneo maalumu la kiuchumi la Bagamoyo yalitiwa saini Machi 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, kisha kazi ikasimama. Katika vijiji kama Pande na Mlingotini familia ziliishi miaka na swali la fidia, la wapi wahamie, na la kama wapande mnazi mpya au wasipande. Bei ya viwanja ilipanda kote, Kaole haikusalimika. Mahali pa namna hii, chombo ambacho kila mkazi ana kura ndani yake ni mali. Kisiachwe kwa ahadi ya taa za barabarani.

Sisemi kila kijiji kikatae kuwa mji. Nasema kisikubali kabla mipaka haijapimwa, cheti cha ardhi ya kijiji hakijapatikana, na wenye mashamba hawajapata hati zao za kimila. Atakayepimiwa mji akiwa na karatasi mkononi hatakuwa sawa na atakayepimiwa akiwa na maneno tu.

Mabadiliko hayo yanaanzia wapi?

Yanapaswa kuanzia chini. Pendekezo la kugawa kijiji, kukiunganisha au kuanzisha mji hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa, ndipo lifike TAMISEMI na hatimaye litangazwe katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo lina namba. Mtu akikuambia "hapa si kijiji tena", mwombe namba ya tangazo. Kama hakuna tangazo, daftari halijabadilika.

Tunaona tumeandikwa upande usio wetu. Tufanye nini?

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Ombeni kuona cheti cha usajili wa kijiji na ramani ya mipaka, au namba ya tangazo lililowaingiza katika mji. Msitosheke na jibu la mdomo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni barua, ipigwe muhuri wa mapokezi, nakala ibaki kwenu.

Mkishajua mmeandikwaje, lalamikeni mahali panapostahili. Suala la bei ya umeme lipelekwe TANESCO kwanza, na msiporidhika lifike EWURA, ambayo ndiyo yenye kazi ya kushughulikia malalamiko ya huduma hiyo. Suala la hadhi ya eneo lipelekwe kwa diwani, aliingize kwenye baraza. Pelekeni vielelezo: kaya ngapi, wangapi wanaishi kwa kilimo na uvuvi, maji yanatoka umbali gani, zahanati iko wapi. Malalamiko yenye hesabu hayafungwi kwa maneno ya heshima.

Na mkutano wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kama kwenu hauitishwi, hilo ndilo lalamiko la kwanza, kabla ya umeme na kabla ya maji, kwa sababu huko ndiko vipaumbele huandikwa na mapato na matumizi husomwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya ngazi ya chini hukusanywa miezi mingi kabla yake. Anayekwenda kuuliza mwezi Juni anakuta bajeti imeshafika bungeni. Wazee, kina mama na vijana wa Kaole, ulizeni mkutano wenu ujao ni lini, mwende mkiwa na orodha ya vitongoji mkononi.